Rangi Haiponyi Kutu: Somo la Kupaka Rangi Chesisi ya Land Rover ya Zamani

Watu waonapo motokaa ya zamani iliyotengenezwa upya, macho yao huenda kwanza kwenye bodi inayong'aa, viti vipya, na taa zilizosuguliwa. Wachache huinama kutazama chini. Lakini kilicho chini ndicho kinachobeba vyote: injini, sanduku la gia, springi, usukani, na watu walioketi juu. Kitu hicho ni chesisi, yaani kiunzi cha chuma ambacho kwa gari ni kama msingi kwa nyumba. Somo hili laeleza jinsi chesisi inavyopakwa rangi wakati gari linapofufuliwa, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Gari lililochaguliwa kuwa mfano ni Land Rover ya aina ya kwanza, kwa sababu mbili. Kwanza, Land Rover yajulikana sana katika Afrika ya Mashariki, mjini na mashambani. Kwa miaka mingi ilibeba askari polisi, mabwana shamba, waganga, mapadre na walinzi wa wanyama, nayo ingali ikipendwa. Mwaka wa 2024 wenye magari hayo walikusanyika kwa mamia huko Nakuru mwezi wa Mei, na tena huko Arusha mwezi wa Oktoba. Pili, Land Rover ina bodi isiyoota kutu juu ya chesisi inayoota kutu, na tofauti hiyo imewadanganya wanunuzi wengi.

ASILI YA GARI HILO

Mwaka wa 1947 Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia gari aina ya Jeep lililoachwa na jeshi. Aliona ya kuwa wakulima wangefaidika na gari la namna hiyo lililotengenezwa nyumbani. Lakini vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma cha pua kiligawanywa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ya gari jipya ilifanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu kidogo. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Aina hiyo ya kwanza, ambayo baadaye iliitwa Series I, iliundwa mpaka mwaka wa 1958.

Chesisi yake haikuweza kufanywa kwa aluminiamu. Ilifanywa kwa bamba za chuma cha pua zenye unene wa milimita 2 hivi. Bamba nne zilichomelewa kingo kwa kingo zikawa boriti refu lenye uwazi ndani, mfano wa sanduku. Maboriti mawili ya namna hiyo yalilazwa sambamba, yakaunganishwa kwa vipande vya kukingama, hata kiunzi chote kikafanana na ngazi iliyolazwa chini. Umbo hilo ni jepesi na lina nguvu nyingi, lakini lina udhaifu mmoja. Matope na maji yakiingia ndani ya sanduku, hayaonekani, na mahali pale chuma huliwa kwa siri kuanzia ndani kuja nje.

MFANO WA MWALIMU NA FUNDI

Ifikiriwe habari ya mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Laikipia. Marehemu baba yake alimwachia Land Rover ya mwaka wa 1957, ambayo ilikaa chini ya mti kwa miaka mingi. Binti yake yuko karibu kuolewa, zimebaki wiki tatu, naye mwalimu ataka bibi arusi apelekwe kanisani kwa gari la babu yake. Injini imekwisha kuwaka. Anamwendea fundi na makopo mawili ya rangi nyeusi.

"Fundi," asema, "bodi ni nzima kabisa, haina tundu hata moja. Nataka upake rangi chini tu, ipendeze."

Fundi anaingia uvunguni na nyundo ndogo. Anagonga boriti la upande wa kulia, nalo lalia kama kengele. Anagonga karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa, na sauti inakuwa ya kufifia, kama mtu agongaye gunia. Anakwangua lami nyeusi iliyopakwa huko zamani. Chini ya lami mna kitambaa, na chini ya kitambaa hamna chuma. Kidole gumba chake chapita ndani.

"Mwalimu," asema fundi, "samahani, lakini njoo uweke kidole chako hapa mwenyewe. Aliyepaka lami hii alijua kilichomo. Nami nikipaka rangi juu yake, nitakuwa nimejua."

Mwalimu ananyamaza kitambo. Kisha auliza, "Na tukienda polepole? Kanisa si mbali."

"Springi ikichomoka kwenye chesisi, haitauliza kama mlikuwa mkienda polepole."

Katika maneno hayo limo fundisho zima la kazi hii. Rangi ni nguo, si dawa. Chuma kilichooza hakipati nguvu hata kidogo kwa kupakwa rangi. Hupata tu mahali pa kujificha, na anayefichwa ubovu huo ni yule atakayepanda gari.

KUTU NI NINI

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Kikikosa kimoja cha viwili hivyo, kutu haiendelei. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu gari la Mombasa au Lamu huliwa upesi kuliko gari la Nakuru. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza katikati ya bamba mbili zilizobanana, huvimba na kuzisukuma mpaka zitengane.

Liko jambo jingine ambalo wenye Land Rover hawana budi kulifahamu. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye majimaji, hasa ya chumvi, hutokea nguvu ndogo ya umeme kama ile ya betri, na aluminiamu huanza kuliwa ikawa unga mweupe. Kwa hiyo rangi ya chesisi hufanya kazi mbili: huzuia maji na hewa yasifike kwenye chuma, na hutenga chuma na bodi.

KUFUNGUA NA KUPIMA

Haiwezekani kupaka rangi chesisi vizuri gari likiwa zima. Bodi hufunguliwa, kisha injini, sanduku la gia, mihimili ya magurudumu, springi, tangi la petroli, mabomba ya breki na nyaya za umeme, mpaka ibaki chesisi tupu juu ya vigunzi vinne. Watu wanne wenye nguvu waweza kuinua chesisi ya gari fupi, kwa hiyo hata karakana isiyo na mashine yaweza kufanya kazi hii.

Kabla ya kila kitu kutolewa, kipigwe picha. Bolti na nati za kila mahali ziwekwe katika mkebe wake wenye maandishi. Fundi huamini ya kuwa atakumbuka, lakini kazi hii huchukua miezi, na miezi hupita na kumbukumbu.

Ndipo chesisi hupimwa. Pima kwa kamba kutoka pembe ya mbele kulia mpaka pembe ya nyuma kushoto, kisha pima pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, chesisi imenyoka. Vikitofautiana, gari liliwahi kugonga au kupinduka, na chesisi hainyooshwi kwa rangi.

Baada ya kupima, ukaguzi. Gonga kwa nyundo kila mahali na usikilize. Chokoa kwa bisibisi penye mashaka. Mahali panapooza kwanza ni boriti la kukingama la nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayoshika bodi, sehemu zinaposhikwa springi, na upande wa chini wa maboriti marefu ambako matope hukaa. Pigia alama ya chokaa kila mahali pabovu.

Nambari ya chesisi itafutwe mapema na kuandikwa. Nambari hiyo ndiyo inayounganisha gari na hati yake ya usajili. Haifai kuisaga, kuikata, wala kuizika chini ya rangi nene. Mwenye gari lisilo na nambari inayosomeka atapata taabu kulithibitisha kuwa lake.

KUCHOMELEA KABLA YA KUPAKA

Palipooza hukatwa mpaka kwenye chuma kizima chenye kung'aa, na kipande kipya cha unene uleule huchomelewa mahali pake. Mafundi wengine hubandika bamba jipya juu ya lililooza. Hiyo ni kazi mbaya kwa njia mbili: chuma kibovu hakiwezi kushika weldi, na katikati ya bamba mbili hubaki mfuko wa kuhifadhi maji.

Chesisi hutegemezwa vyema kabla ya kukatwa ili isilegee na kupinda, na weldi hupigwa vipande vifupi vifupi, mara hapa mara pale, ili joto lisiivute upande mmoja. Tangi la petroli lisiwe karibu hata kidogo. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka.

KUSAFISHA CHUMA

Kwanza huoshwa grisi na mafuta, kwa sabuni kali ya kuondolea mafuta na maji ya moto. Watu huanza kwa msasa, na hilo ni kosa. Msasa juu ya grisi huisugua grisi mpaka ikaingia katika mikwaruzo ya chuma, na rangi haitashika hapo kamwe.

Kisha huondolewa rangi ya zamani na kutu. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya mkono: nyundo ya kubanja, tindo, brashi ya waya, na msasa. Ni ya gharama ndogo na ya jasho jingi. Ya pili ni kupulizia chembe ngumu kwa nguvu ya hewa ya kompresa. Chembe hizo huchimba kutu mpaka kwenye vishimo, na huacha chuma kikiwa na mkwaruzo mzuri wa kushika rangi.

Hapa yapasa kutoa onyo kubwa. Mchanga wa mtoni ni rahisi kupatikana, na watu wengi huutumia kwa kupulizia. Mchanga huo ukipigwa juu ya chuma huvunjika ukawa vumbi jembamba lisiloonekana, na vumbi hilo likiingia mapafuni hufanya makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilikataza kupuliza vyuma kwa mchanga wa namna hiyo katika kanuni zake za mwaka wa 1949. Zitumike chembe nyingine kama vile chembe za chuma au garneti, na mfanyakazi avae kofia ya kupelekewa hewa safi kwa bomba. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo.

Hata anayetumia mkono ana la kuangalia. Rangi za miaka ya 1950 mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi hiyo isisuguliwe kavu. Iloweshwe kwanza, takataka zake zikusanywe zisimwagwe shambani wala mtoni, na mfanyakazi anawe kabla ya kula na abadili nguo kabla ya kwenda nyumbani.

Wakati huu pia yafaa kutafuta rangi ya asili. Si kweli kwamba chesisi zote za Land Rover zilikuwa nyeusi. Katika miaka ya kwanza ziko zilizopakwa kijani kama bodi. Tazama chini ya vishikizo na nyuma ya bamba zilizofungwa kwa bolti, mahali ambapo jua na brashi ya fundi wa jana havikufika. Anayependa gari lirudie hali yake ya kweli ataipata rangi yake hapo.

Kutu iliyobaki katika vishimo, ikiwa ni kidogo na imeshika sana, yaweza kupakwa dawa ya kubadili kutu, ambayo kwa kawaida ina asidi ya fosfori. Asidi hiyo huigeuza kutu ikawa kitu kigumu kisichoendelea kula. Lakini dawa hii haifai kwa kutu nene inayobanduka kama magamba, na ni lazima maagizo ya kuiosha au kuikausha yafuatwe sawasawa, maana rangi nyingi hazishiki juu ya asidi iliyobaki.

RANGI YA MSINGI

Chuma kilichosafishwa sawasawa ni kitupu kama mtoto mchanga, na hewa huanza kukishambulia mara moja. Kilichosafishwa asubuhi kipakwe rangi ya msingi siku ileile. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, saa chache tu zatosha kukifanya kiwe chekundu. Wala kisishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa jasho la kiganja lina chumvi na mafuta.

Rangi ya msingi ifaayo zaidi kwa chesisi ni ile ya epoksi, inayokuja katika makopo mawili. Kopo moja lina rangi, la pili lina kigandishi. Vikichanganywa, huanza kuungana vikawa kitu kimoja kigumu, na baada ya muda ulioandikwa koponi rangi iliyobaki haifai tena. Kipimo cha kuchanganya kifuatwe kwa chombo cha kupimia, wala si kwa kukisia. Anayeongeza kigandishi akidhani atapata ugumu zaidi hupata rangi inayopasuka, na anayepunguza ili kubana matumizi hupata rangi isiyokauka.

Kabla ya kupaka chesisi nzima, chovya brashi ndogo na upake kwanza kingo zote, mashimo ya bolti, na mistari yote ya weldi. Sababu yake ni hii: rangi ikiwa majimaji hujivuta kutoka kwenye kingo kali, ikabaki nyembamba mno mahali palepale panapogongwa zaidi na mawe. Angalia chesisi yoyote kuukuu, utaona kutu ilianzia kingoni. Kazi hii ya brashi huchukua saa mbili au tatu, nayo huongeza miaka.

Ndipo chesisi yote ipakwe, kwa brashi au kwa kupuliza. Tabaka mbili nyembamba zashinda moja nene. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini, kisha hukunjamana. Kila tabaka ikishakauka huwa na unene mdogo sana, karibu na ule wa unywele wa mtu. Kwa hiyo mtu asitegemee tabaka moja.

Hali ya hewa yapasa kuchunguzwa. Chuma kikiwa baridi kuliko hewa, maji hushika juu yake kama umande, ijapokuwa jicho halioni. Kanuni ya mafundi wa rangi ni kwamba chuma kiwe na joto lipitalo kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za sentigredi kwa uchache, na unyevu wa hewa usipite sehemu 85 katika 100. Asiye na vyombo vya kupimia na akumbuke hivi: katika nchi za juu kama Nyahururu na Limuru, asipake alfajiri wala jioni, wala siku ya ukungu. Angoje jua lipande na chuma kipate uvuguvugu, lakini kisiwe cha moto.

RANGI YA JUU

Epoksi ni ngumu na hushika sana, lakini jua huidhoofisha ikawa kama chaki. Kwa hiyo hufunikwa kwa rangi ya juu, tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ya juu ipakwe ndani ya muda ulioandikwa na mwenye kutengeneza rangi ya msingi. Muda huo ukipita, msingi usuguliwe kidogo kwa msasa ili rangi mpya ipate pa kushika.

Rangi ya makopo mawili isipakwe juu ya rangi ya mafuta ya kawaida, kwa kuwa tina yake kali huivuruga ile ya chini na kuiinua kama ngozi iliyoungua. Jaribu kwanza mahali padogo. Tena rangi nyingi za makopo mawili za kupuliza zina isosianati, kemikali inayoweza kuleta pumu kwa mtu asiyekuwa nayo kabla. Rangi hizo zipulizwe na mtu aliyevaa kofia ya kupelekewa hewa, la sivyo ichaguliwe rangi ya brashi. Chesisi iliyopakwa kwa brashi na mkono mtulivu haina aibu.

Mahali pa kuungania waya wa umeme na chesisi pabaki chuma kitupu, pafunikwe kwa karatasi ya gundi wakati wa kupaka, na baada ya kufungwa papakwe grisi. Taa nyingi za magari yaliyofufuliwa zimekataa kuwaka kwa sababu ya rangi nzuri iliyopakwa mahali pasipotakiwa. Njia za skrubu nazo zizibwe kwa bolti za zamani, na rangi isizijaze.

Wako wanaopeleka chesisi kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi. Njia hiyo ni bora kwa kulinda, kwa kuwa zinki huingia hata ndani ya sanduku, na rangi ikikwaruzwa, zinki hujitoa iliwe badala ya chuma. Lakini gharama yake ni kubwa, joto laweza kupinda chesisi, na ni lazima yawepo matundu ya kutosha ya kupitisha hewa na zinki.

NDANI YA SANDUKU

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Chesisi imepakwa nje ikang'aa, lakini ndani, mlikoanzia maradhi, hamkuguswa. Brashi haifiki. Kwa hiyo, rangi ya nje ikishakauka kabisa, hupulizwa nta ya majimaji ndani ya maboriti kwa mpira mrefu mwembamba unaopitishwa katika matundu. Nta hiyo hutambaa katika maungio yote na kubaki laini, ikitenga chuma na maji. Irudiwe kila baada ya miaka michache. Ipulizwe mwisho, kwa kuwa ikidondoka juu ya chuma kitupu, rangi haitashika hapo, na weldi itawaka moto.

Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya maboriti yasizibwe. Wako watu walioziba kila tundu wakidhani wanazuia maji yasiingie. Maji hayakosi njia ya kuingia. Kinachotakiwa ni kwamba yasikose njia ya kutoka.

Mwisho, bodi inaporudishwa, kila mahali aluminiamu inapokutana na chesisi pawekwe kipande cha mpira au kitambazo kisichopitisha maji, na bolti zipakwe grisi. Rangi iachwe ikomae kabla ya kubanwa kwa bolti. Rangi iliyokauka juu bado yaweza kuwa changa ndani.

MWISHO WA HABARI YA MWALIMU

Siku ile mwalimu alirudi nyumbani na makopo yake mawili yasiyofunguliwa. Binti yake alipelekwa kanisani kwa gari la kukodi, na wageni hawakuona upungufu wowote. Land Rover ilibaki katika karakana miezi saba. Vipande sita vilikatwa na kuwekwa vipya, na mwalimu mwenyewe alikuja kila Jumamosi na brashi ya waya, mpaka mikono yake ya kushika chaki ikaota sugu.

Siku chesisi ilipomalizika, ilisimama juu ya vigunzi vyake, ya kijani kama ilivyokuwa mwaka wa 1957. Fundi alimpa mwalimu nyundo ileile ndogo. Mwalimu akagonga karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa, ikalia kama kengele. Wiki iliyofuata bodi ilirudishwa juu yake, na tangu siku hiyo hakuna aonaye kazi ile ila anayelala chali uvunguni.

Wazee husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwenye kununua gari la zamani na ainame atazame chini kabla ya kusifu kilicho juu, achukue nyundo na bisibisi, tena asione haya. Mwenye kulifufua na ahesabu saa zake hivi: nyingi za kusafisha na kuunga, chache za kupaka. Na fundi aombwaye kufunika ubovu kwa rangi na akumbuke ya kuwa atakayepanda gari hilo hatakuwepo siku ya kupatana bei, wala hataulizwa.